Slaidi Yasema Ndiyo, Kipimo cha Haraka Chasema Hapana: Uchambuzi wa Kisa cha Babesia Moshi

Mgonjwa ni mama wa miaka 61, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anayeishi na mumewe katika kijiji kimoja cha miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Aliletwa hospitalini kwetu Alhamisi jioni, mwanzoni mwa Oktoba, akiwa na homa ya siku kumi na moja, kutetemeka, jasho la usiku lililolowesha shuka, uchovu uliomfanya ashindwe kutoka chumbani hadi jikoni bila kushika ukuta, na mkojo ambao mumewe aliufananisha na chai ya rangi iliyokaa jikoni muda mrefu. Umri wake na baadhi ya mambo ya nyumbani kwake nimeyageuza kidogo ili asitambulike. Mimi ni mtaalamu wa maabara, kwa hiyo kisa hiki nakieleza kutoka upande wa darubini, na pale ninapogusa maamuzi ya wodini naandika yale niliyoambiwa na madaktari waliomhudumia.

Siku ya tatu ya homa alikwenda zahanati, akapimwa slaidi, akaambiwa ana malaria, vimelea 2+ (alama za kujumlisha huonyesha wingi wake). Alipewa dawa mseto, akameza dozi zote sita kwa siku tatu kama alivyoelekezwa, homa ikatulia kwa siku moja hivi kisha ikarudi na nguvu zaidi. Siku ya nane alikwenda kituo cha afya, ambako hawakusoma slaidi bali walitumia kipimo cha haraka, kile tunachokiita mRDT, nacho kikatoa mstari mmoja tu, ule wa kuonyesha kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi. Maana yake hana malaria. Kwa kuwa mkojo ulikuwa mweusi, na kijiti cha kupimia mkojo kilionyesha damu, aliandikiwa dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo akarudi nyumbani. Kila mahali waliamini kipimo chao, na hakuna aliyeiona karatasi ya mwenzake, kwa sababu karatasi ya zahanati ilikuwa imekunjwa ndani ya pochi ya mgonjwa na haikuombwa na mtu.

Usiku wa kulazwa

Alipopokelewa alikuwa na joto la 39.2, mapigo ya moyo 112 kwa dakika, na macho ya njano. Himoglobini ilikuwa 7.6, chembe sahani 58,000, bilirubini imepanda, kimeng'enya cha LDH kimepita mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na figo zimeanza kulegalega kidogo. Kipimo cha Virusi vya UKIMWI kilikuwa hasi. Kijiti cha mkojo kilionyesha damu 3+, lakini mkojo huo huo ulipowekwa chini ya darubini chembe nyekundu zilikuwa za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hilo peke yake lilitosha kutuambia kwamba kilichoonekana kwenye mkojo si damu iliyovuja kutoka njia ya mkojo. Ni himoglobini iliyochujwa na figo baada ya chembe nyekundu kupasuka ndani ya mishipa. Utambuzi wa kituo cha afya ulikuwa umekwisha kuanguka hapo.

Kilichobaki ni malaria, na sisi tuliikumbatia upesi mno. Mwenzangu wa zamu ya usiku alitengeneza tone nene, akalipaka rangi ya Giemsa, akaona pete nyingi, akaandika malaria ya falsiparamu, ile aina kali ya malaria, 3+. Kipimo cha haraka kilichofanywa sambamba kilikuwa hasi. Nilipopigiwa simu nyumbani kuulizwa majibu yapelekwe vipi, nilisema slaidi ndiyo mwamuzi, na kwamba huenda kasha la vipimo lilikaa juani kwenye gari la usambazaji. Jibu likatoka kwa idhini yangu. Sikuwa na ushahidi wowote wa jua wala wa gari. Nilikuwa nimepata njia ya kulinyamazisha jibu lisilonipendeza, na sindano ya artesuneti, dawa ya malaria kali, ikaanza saa tatu usiku.

Hapa inafaa nieleze kwa nini kosa hilo ni rahisi kulifanya. Malaria ya falsiparamu ina tabia moja ambayo kila anayesoma slaidi anaifahamu: katika damu ya kidoleni huonekana pete changa pekee, kwa kuwa vimelea vilivyokomaa hujificha kwa kung'ang'ania kuta za mishipa midogo ya ndani. Kwa hiyo slaidi iliyojaa pete tupu, bila hatua nyingine, haimshangazi msomaji. Ndiyo picha anayoitarajia. Kimelea cha Babesia, kinachoenezwa na kupe na ambacho si malaria, nacho huonekana kama pete ndani ya chembe nyekundu. Isitoshe, tone nene hutengenezwa kwa kuzipasua chembe nyekundu ili damu nyingi isomeke mahali padogo, kwa hiyo ni zuri sana la kugundua kwamba kimelea kipo, na ni baya sana la kutambua ni kimelea gani, kwani nyumba yake imevunjwa na vipimo vya ukubwa na umbo vimepotea. Mahali pa kukitambua ni utando mwembamba, yaani damu iliyotandazwa kwenye kioo bila kuzipasua chembe, ambao katika maabara zetu nyingi hutengenezwa kwa ajili ya kutimiza utaratibu na kuwekwa kando bila kusomwa.

Utando mwembamba

Ijumaa asubuhi nilichukua bomba lile lile la damu, lenye kifuniko cha zambarau, nikatengeneza utando mpya, nikaukausha, nikauzamisha katika methanoli, nikaupaka Giemsa kwa maji yenye pH ya 7.2, na kuketi nao kwa saa nzima chini ya lenzi ya mia. Naeleza hatua hizi kwa sababu utando uliopakwa kwa maji yenye asidi hauonyeshi sawasawa viini vyekundu vya vimelea, na mtu anaweza kubishana kwa nusu siku juu ya kitu kilichoharibiwa na maji ya bomba.

Pete zilikuwepo, na nyingi zilikuwa ndogo na laini kama za falsiparamu. Lakini hazikufanana zenyewe kwa zenyewe. Nyingine zilikuwa duara kamili, nyingine zimevutwa kama tone la maji linalotaka kudondoka, nyingine zina tumbo jeupe lisilo na rangi kabisa. Chembe moja ilikuwa na pete mbili, jirani yake tatu, na nyingine nne. Nje ya chembe, kwenye plazima (maji ya damu), palikuwa na vishada vya vimelea vilivyotawanyika, jambo ambalo katika malaria si la kawaida kwenye damu mpya. Nilitafuta ile rangi ya kahawia ambayo kimelea cha malaria huiacha baada ya kula himoglobini, sikuiona popote, hata ndani ya seli nyeupe ambazo huimeza. Nilitafuta vimelea vya umbo la ndizi, ambavyo kwa mtu mwenye falsiparamu ya siku kumi na moja si ajabu kuvikuta. Havikuwepo. Nilihesabu chembe nyekundu 1,000, zilizoathirika zikawa 38, yaani asilimia 3.8.

Pembeni yangu alikaa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, binti wa Monduli ambaye baba yake ni bwana mifugo. Nilimwachia darubini aangalie, akasogeza slaidi taratibu kwa dakika chache, kisha akauliza, kwa ile sauti ya mtu anayeogopa kuonekana mjinga, kama hiyo ni damu ya mtu kweli. Nilimwuliza kwa nini. Akasema nyumbani alishaangalia slaidi za ng'ombe wenye ugonjwa wa kukojoa damu, na kwamba ingawa hizi ni ndogo zaidi, jinsi zinavyokaa mbilimbili na kukosa ile rangi ya kahawia kumemkumbusha zile. Hilo ndilo lililotamkwa kwanza katika chumba chetu kuhusu Babesia, na lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa na ruhusa ya kusaini jibu lolote.

Tukaendelea kutafuta kitu kimoja ambacho kikipatikana ubishi hupungua sana: vimelea vinne vilivyoungana katikati ya chembe moja kwa mfano wa msalaba, ambao vitabu huuita msalaba wa Malta. Hutokea kwa sababu kimelea hiki hujigawa kwa kuchipua mara mbili, na malaria haifanyi hivyo. Ni adimu, mtu anaweza kusoma utando mzima asiuone, na kutouona hakumwondolei mgonjwa Babesia. Sisi tuliupata mmoja usio na shaka, karibu na mkia wa utando, na mwingine ambao mkono wake mmoja ulikuwa na kasoro kiasi kwamba sikuukubali.

Lakini kilichoniinua kwenye kiti hakikuwa msalaba. Katika chembe nyingi nyekundu, zikiwemo zisizo na kimelea, palikuwa na kidoa kimoja cha mviringo, kizito, cha zambarau iliyoiva, chenye ukingo safi kama kimechorwa kwa bikari. Hivyo ni vijiwe vya Howell-Jolly, mabaki ya kiini cha chembe nyekundu ambayo kwa mtu mzima mwenye bandama huondolewa damu inapopita humo. Vikionekana kwa wingi, swali la kwanza ni kama bandama ipo. Nilipiga simu wodini.

"Dada, shikilia kidogo kazi nyingine. Yule mwalimu wa kitanda cha sita, tumboni ana kovu?"

Muuguzi alirudi baada ya dakika mbili akaniambia lipo, refu, linaanzia chini ya mbavu hadi karibu na kitovu. Mgonjwa alikuwa ameeleza kwamba miaka kumi na minne nyuma alipata ajali ya gari, akapasuliwa usiku ule ule, na akaambiwa "kuna kitu kimeondolewa ndani". Hakuna aliyemwambia kwa maneno anayoyaelewa kwamba kitu hicho ni bandama, na kwamba asiye nayo hupigwa vibaya zaidi na vimelea vya damu. Katika maelezo ya kulazwa, sehemu ya historia ya upasuaji ilikuwa imeandikwa "hakuna".

Swali la safari

Sehemu ya safari nayo iliandikwa "hajasafiri", na hapa ndipo penye somo ambalo mimi mwenyewe sikulitegemea. Huku kwetu milimani, daktari akimwuliza mwenye homa kama amesafiri, wote wawili wanajua swali linaulizia malaria: je, ulishuka Kahe, ulikwenda Tanga, ulilala Dar es Salaam? Mwalimu alijibu kweli kabisa kulingana na swali alivyolisikia. Hakuwa ameshuka popote. Alikuwa Marekani.

Daktari aliyempokea, aliporudi kitandani kwake Ijumaa mchana na kumwamkia upya, alibadilisha swali. Hakumwuliza kama amesafiri, alimwuliza, "Mama, tangu Pasaka umelala wapi na wapi?" Akaeleza kwamba mwezi Juni alikwenda kukaa na binti yake jimboni Connecticut kumsaidia baada ya kujifungua, akarudi wiki ya pili ya Septemba. Nyumba ya binti ilikuwa pembezoni mwa mji, nyuma yake msitu mdogo, na jioni kulungu walikuja kula maua. Kila siku alikaa kwenye majani ya uwanja na mjukuu mgongoni. Hakumbuki kuumwa na kupe. Hilo halishangazi, kwa sababu anayeeneza ugonjwa huu kule kwa kawaida ni kupe mchanga wa jamii ya Ixodes scapularis, ambaye ukubwa wake unakaribia mbegu ya mchicha, na ambaye huweza kunyonya kwa siku kadhaa na kudondoka bila mtu kuhisi chochote. Kimelea chenyewe, Babesia microti, huishi hasa katika panya wa miguu myeupe. Kulungu humlisha kupe mkubwa na kumwezesha kuzaa, lakini hawabebi kimelea hicho. Dalili huanza kwa kawaida kati ya wiki moja na nne baada ya kuumwa, na homa ya mwalimu ilianza takribani wiki mbili baada ya kurudi.

Majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani, Connecticut likiwemo, pamoja na yale ya Wisconsin na Minnesota, ndiyo yenye wagonjwa wengi wa Babesia microti. Kisiwa cha Nantucket, jimboni Massachusetts, kilitoa mwaka 1969 mgonjwa wa kwanza kujulikana ambaye bandama yake ilikuwa nzima. Kabla ya hapo, binadamu wa kwanza kuripotiwa, mwaka 1957 karibu na Zagreb, alikuwa mtu aliyeondolewa bandama kama mwalimu wetu, naye alifariki. Siku hizi hatari ya damu ya kuongezewa imewafanya Wamarekani wapime damu ya wachangiaji. Mamlaka yao ya chakula na dawa ilitoa pendekezo hilo mwaka 2019 kwa majimbo 14 na mji mkuu wao. Mwalimu hakuongezewa damu alipokuwa kule.

Kujibu pingamizi

Ijumaa alasiri tulikutana, madaktari na sisi wa maabara, na pingamizi zilizotolewa zilikuwa za haki. Ya kwanza ilisema kwamba kipimo cha haraka huweza kushindwa damu inapokuwa na protini nyingi mno za kimelea, hata mstari usitokee. Tuliipunguza damu mara kumi kwa maji ya chumvi tukarudia: hasi. Ya pili ilisema kwamba wapo vimelea vya falsiparamu vilivyopoteza jeni la HRP2, protini ambayo vipimo vingi huitafuta, na nchi kama Eritrea zilipata shida hiyo. Ni kweli, ila kasha tulilokuwa nalo lina mstari wa pili unaotafuta kimeng'enya cha LDH cha malaria ya aina zote, na huo nao ulikuwa mtupu mbele ya vimelea vya asilimia karibu nne. Hoja iliyokuwa na uzito kuliko zote aliitoa daktari bingwa: mtu asiye na bandama hachelewi tu kuua vimelea, huchelewa pia kuviondoa vilivyokufa, kwa hiyo pete zinazoendelea kuonekana baada ya dawa mseto huenda ni maiti za malaria iliyokwisha kutibiwa. Hoja hii ilinikalia vizuri kwa muda. Kisha tukaigeuza: HRP2 hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa, kwa hiyo kama zile zingekuwa maiti za falsiparamu, kipimo cha haraka ndicho kingekuwa cha mwisho kuwa hasi.

Kwa maneno mengine, slaidi na kipimo cha haraka havikupingana hata siku moja. Slaidi ilisema kuna kimelea ndani ya chembe nyekundu. Kipimo cha haraka kilisema si cha malaria. Vyote viwili vilisema kweli tangu zahanati na kituo cha afya, na sisi tulioona ugomvi ndio tulioutengeneza, kwa sababu kichwani tulikuwa na jina moja tu la kimelea cha damu.

Mazoea hayo yana historia hapa hapa Moshi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huu kati ya 2007 na 2008 walichunguzwa kwa kina: waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528, na walioumwa malaria kweli walikuwa 14. Tangu hapo vipimo vya haraka vimetufundisha kuamini kwamba homa inaweza kuwa kitu kingine. Lakini tumefundishwa kuamini hivyo pale slaidi inapokuwa tupu. Slaidi yenye pete bado hutufunga macho.

Jambo la homa ya papasi lilitajwa pia, kwa kuwa wazee wengi huita kila homa ya mdudu wa namna hiyo kwa jina hilo. Hiyo husababishwa na bakteria aina ya Borrelia, ambaye huonekana kwenye slaidi kama uzi uliosokotwa uliolala kati ya chembe, si ndani yake. Hatukuona uzi wowote. Tuliangalia pia ndani ya seli nyeupe kama kuna vishada vya bakteria wa Anaplasma, kwa sababu kupe yule yule wa Connecticut huweza kubeba maradhi haya pamoja na ya Lyme na kumwachia mtu mawili kwa mng'ato mmoja. Hatukuviona, ila madaktari waliona ni busara kumwongezea doksisaiklini.

Jumamosi asubuhi, baada ya sindano tatu za artesuneti, hesabu ilikuwa asilimia 4.1. Falsiparamu isiyo sugu ingekuwa imeporomoka. Kuanzia hapo hakuna aliyebisha tena, ingawa uthibitisho wa jina kamili la kimelea ulichelewa: sampuli ilipelekwa kwenye maabara yenye mashine ya PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea, ikabidi waagize vianzishi vya jeni la 18S, na baada ya siku kumi na tisa wakatujibu kwamba ni Babesia microti, na kwamba vinasaba vya malaria havikuonekana. Kingamwili hatukuzitegemea. Zinaweza kubaki katika damu muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, na kwa mtu aliye kitandani hazitaji siku ya leo kwa uhakika kama kimelea chenyewe kinavyoitaja.

Ng'ombe wa nyumbani

Neno "ugonjwa wa kupe" lilifika kijijini kabla ya majibu ya PCR. Jumapili, mume wa mwalimu alinikuta koridoni, mzee mtaratibu mwenye kofia mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza bila kuzunguka: wale ng'ombe wawili wa maziwa walioko bandani awauze? Mmoja alikuwa na mimba, na mwaka juzi alikojoa damu, bwana mifugo akamchoma sindano akapona. Watoto walikuwa wameshampigia simu wakisema mama asirudi mpaka banda libomolewe.

Nilimjibu kwa uangalifu, kwa sababu swali lake lilikuwa na akili zaidi ya alivyodhani. Ugonjwa wa kukojoa damu wa ng'ombe wetu ni Babesia kweli, bigemina au bovis, ndugu wa kile kilicho kwenye damu ya mkewe. Victor Babeş aliviona vimelea vya jamii hii kwa ng'ombe wa Romania mwaka 1888, na mwaka 1893 Smith na Kilborne, wakichunguza homa ya ng'ombe wa Texas, wakaonyesha kwamba hupitishwa na kupe. Wafugaji wanaoogesha mifugo kwenye josho wanaishi na matokeo ya ugunduzi huo mpaka leo. Lakini hizo za ng'ombe wa kwetu hazijulikani kuwa maradhi ya watu. Babesia ya ng'ombe inayowapata watu ni divergens, ya Ulaya, na kupe wake ni Ixodes ricinus, si kupe wa bandani Kilimanjaro. Nilimwambia pia kwamba suala la Babesia kwa watu wa Tanzania halijafungwa; watoto wa wilaya ya Kilosa walishapimwa kingamwili na wachache wakaonekana kuwa nazo, ila kingamwili za kimelea kimoja huweza kuitikia kipimo cha kingine, na hiyo si sawa na kukiona kimelea. Nikamwambia ng'ombe wabaki, waendelee kupuliziwa dawa ya kupe kwa afya yao wenyewe. Alikaa kimya, akavaa kofia, akasema basi atawaambia watoto kwamba maabara imekataa.

Dawa, na slaidi zilizofuata

Tiba inayopendekezwa kwanza leo ni atovakwoni pamoja na azithromaisini. Atovakwoni peke yake haikupatikana Moshi wala Arusha. Iliyokuwepo kwenye duka moja la dawa ilikuwa imechanganywa na proguanili kwa ajili ya kinga ya malaria, na kumpa kipimo cha kutosha cha ile ya kwanza kungemzidishia ile ya pili. Kwinini na klindamaisini vilikuwa stoo, na ndivyo alivyoanza Jumamosi. Mchanganyiko huo nao uligunduliwa kwa bahati inayofanana na kisa chetu: taarifa ya mwaka 1982 inaeleza mtoto mchanga aliyedhaniwa kupata malaria kwa kuongezewa damu, klorokwini ikashindwa, akapewa kwinini na klindamaisini akapona, na kumbe alikuwa na Babesia. Mwalimu aliongezewa chupa mbili za damu. Kubadilisha damu yote, jambo linalofikiriwa hasa vimelea vinapozidi asilimia 10, hakukuhitajika.

Siku ya nne ya kwinini masikio yalivuma kiasi kwamba hakuwasikia waliokuja kumjulia hali, na sukari ilishuka mara mbili usiku. Kwa bahati binti alikuwa amekwisha kumtuma mtu na atovakwoni ya maji, nzito, ya njano iliyokolea, mililita 5 zenye miligramu 750, asubuhi na jioni. Dawa hii hufyonzwa vibaya tumboni pasipo mafuta, na wodi ilipata suluhisho la bei nafuu kuliko yote yaliyotajwa katika karatasi hii: nusu parachichi kabla ya kila kijiko, kutoka shamba lake mwenyewe. Kwa kuwa hana bandama, madaktari waliamua aendelee kwa wiki sita, mbili za mwisho zikiwa ni za slaidi zisizo na kimelea.

Asilimia 4.1 ya Jumamosi ilikuwa 2.7 Jumatatu, 0.9 Alhamisi, na Jumatatu iliyofuata nilisoma chembe nyekundu 5,000 nikakuta vimelea viwili. Himoglobini ilifika 10.2 mwishoni mwa mwezi. Wiki ya tano PCR bado ilikuwa chanya hafifu, jambo ambalo huweza kutokea kwa miezi hata baada ya mtu kupona, na hatukulifanya sababu ya kubadilisha dawa. Wakati huo alikuwa amepewa chanjo ya nimonia na ya homa ya uti wa mgongo, ambazo alistahili kupewa miaka kumi na minne nyuma, pamoja na kadi ya kubeba kwenye pochi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: HANA BANDAMA.

Fomu yetu ya majibu ya slaidi ina mstari mmoja tu wa vimelea, nao umechapishwa "malaria" tangu kiwandani. Jibu la Ijumaa ile nililiandika kwa mkono pembeni, nikakata neno lililochapishwa na kuweka sahihi juu ya lile nililolikata, kisha nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba jibu la Alhamisi usiku limefutwa. Slaidi ya mwisho niliisoma mwezi Januari. Pete hazikuwepo. Vidoa vya zambarau vya Howell-Jolly vilikuwepo vingi kama mwanzo, na mwanafunzi wa Monduli, ambaye zamu hiyo alikuwa wa kwanza kuketi kwenye darubini, alishaviandika kabla sijafika.